Kiss, Feel Young, Be Love, Flowers au Melody: jarida lipi la manga linamfaa mwanamke mtu mzima?

Ukiwa ulianza kusoma manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, tangu shule, hufika siku ambapo msichana mwenye sare anayetetemeka kumwambia mvulana kwamba anampenda hakugusi tena. Una kazi. Una kodi ya nyumba. Shangazi zako wanauliza utaolewa lini, au umeshaolewa, au umeachika na hutaki kuulizwa. Manga unaipenda bado, ila unataka iliyoandikwa na mtu anayejua maisha ya baada ya shule. Japani imekuwa na majarida ya msomaji huyo kwa zaidi ya miaka 40, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Wanaoomba ushauri wa pa kuanzia huuliza kwa aina ya hadithi: ya mapenzi, ya kuchekesha, ya kuliza. Mimi nawaambia waangalie kwanza hadithi ilitoka jarida gani. Jarida la manga ni kitabu kinene cha karatasi ya bei rahisi, chenye hadithi kadhaa za wachoraji tofauti, kila moja ikiendelea toleo hadi toleo. Sura zikitosha hukusanywa kuwa juzuu, na juzuu hizo ndizo zinazotafsiriwa na kutufikia sisi. Lakini kabla ya mchoraji kuchora ukurasa mmoja wa mwisho, amekaa na mhariri wa jarida wakajadili rasimu, nini kikatwe, sura ikomee wapi, msomaji aachwe na hisia gani. Ladha ya jarida huingia humo. Ukimpata mhariri mwenye moyo unaofanana na wako, una hadithi za kusoma kwa miaka.

Historia yenyewe ni fupi. Wasichana walioshikwa na manga katika miaka ya 1970, wakati wachoraji kama Moto Hagio walipoipa manga ya wasichana kina kipya, walikua. Kampuni ya Kodansha ikaanzisha Be Love mwaka 1980, Shueisha wakafuata na You mwaka 1982. Mwaka 1985 bunge la Japani likapitisha sheria ya usawa wa nafasi za ajira kati ya wanaume na wanawake, na maofisi yakaanza kuwa na wanawake waliotaka kusoma juu ya ofisi. Kisha zikatoka Feel Young ya kampuni ya Shodensha, na Kiss ya Kodansha mwaka 1992. You lilifungwa 2018, jambo lililowauma wasomaji wengi, kwa hiyo silihesabu hapa.

Kiss

Katika Kiss, mwanamke ana kazi, na kazi hiyo ina uzito katika hadithi. Haikuwekwa pale ili apate mahali pa kukutana na mwanamume. Nodame Cantabile ya Tomoko Ninomiya, iliyoendelea humo kuanzia 2001 hadi 2009, inamhusu msichana anayepiga piano kwa sikio na moyo huku chumba chake kikiwa kimejaa takataka, na mwanamume anayetaka kuwa kondakta wa okestra Ulaya lakini anaogopa kupanda ndege. Mapenzi yapo, lakini swali linaloibeba hadithi kwa juzuu 23 ni kama kipaji kina maana yoyote bila nidhamu, na kama nidhamu haitakiua kipaji.

Ninayoipenda kuliko zote za Kiss ni Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu ya Tsunami Umino, ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Full-Time Wife Escapist. Mikuri ana shahada ya uzamili na hana kazi. Baba yake anamtafutia kibarua cha kusafisha nyumba ya Hiramasa, mtaalamu wa kompyuta asiyependa kusumbuliwa. Wazazi wanapoamua kuhamia shamba, Mikuri anamwendea Hiramasa na pendekezo: aajiriwe kama mke. Mshahara, saa za kazi, likizo, vyote viandikwe kwenye mkataba. Watu wazima wawili wanakaa mezani kuhesabu kupika ni shilingi ngapi na kufua ni shilingi ngapi, na hesabu inakubali. Kisha wanapendana kweli, na hapo ndipo Umino anapouma. Hiramasa anapotaka ndoa ya kweli, Mikuri anaona wazi kwamba mshahara utakoma na kazi zitabaki zilezile, na anamwambia kwamba huko ni kumnyonya mtu kwa kutumia mapenzi yake. Sijaona hadithi nyingine iliyouliza swali la kazi za nyumbani kwa upole na ukali wa namna hiyo kwa pamoja. Tamthilia yake ya televisheni ya mwaka 2016 ilipendwa mno Japani, na nadhani sababu ni kwamba kila aliyeitazama aliijua nyumba yenye hesabu hiyo isiyolipwa.

Akiko Higashimura naye ni wa Kiss. Kuragehime ni ya wanawake waliojifungia katika nyumba moja ya zamani jijini Tokyo, kila mmoja na kitu chake anachokihusudu, na mwenye hadithi, Tsukimi, anahusudu viwavi vya baharini (jellyfish). Nyumba inataka kubomolewa ili yajengwe majengo mapya, na anayewasaidia ni Kuranosuke, mtoto wa mwanasiasa ambaye huvaa nguo za kike na kuzivaa vizuri kuliko wote. Higashimura aliandika pia Tokyo Tarareba Musume, ya marafiki watatu wa miaka 33 wanaokunywa pombe na kusema “laiti ningefanya hivi” mpaka kijana mmoja anawaambia usoni kwamba wao si wasichana tena. Tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Eisner, tuzo ya Marekani ya vitabu vya katuni, mwaka 2019. Inachekesha sana, na kuna kurasa zake ambazo mwanamke aliyechoka kuulizwa kuhusu ndoa atazifunga kwa hasira. Nawashauri waisome wakiwa na nguvu.

Jambo linaloziunganisha hadithi hizi ni mwendo. Tatizo likitokea kwenye Kiss, mtu huanza kupanga: anaandika mkataba, anashona nguo za kuuza, anafanya mazoezi ya piano. Ukimaliza juzuu unajisikia kuamka na kufanya kitu.

Feel Young, na misiba mitatu

Feel Young haina haraka hiyo. Ndilo jarida lililomchapisha Moyoco Anno na Happy Mania yake kuanzia 1995, ambamo Kayoko, mfanyakazi wa duka la vitabu, anatafuta mpenzi kwa kasi ya kujiumiza, na mwandishi hamhukumu wala hamwokoi. Katika miaka hiyohiyo Kyoko Okazaki alichora humo Helter Skelter, juu ya mwanamitindo maarufu, Liliko, ambaye karibu mwili wake wote umetengenezwa kwa upasuaji na unaanza kuoza. Ni kazi ya kutisha. Mwaka 1996 Okazaki aligongwa na gari la dereva mlevi akaumia vibaya, na kazi yake ya uchoraji ikakoma. Kitabu kilitoka 2003, na mwaka uliofuata kikapata tuzo kuu ya manga ya Tezuka Osamu.

Lakini njia nzuri ya kuona Feel Young inatofautianaje na mengine ni kulinganisha hadithi tatu zinazoanza na jambo ambalo sisi tunalijua vizuri: msiba, ndugu wamekusanyika, na kuna mtoto ambaye hakuna anayesema atamchukua.

Ya kwanza ni Usagi Drop ya Yumi Unita, iliyotoka Feel Young kuanzia 2005, na kwa Kiingereza ni Bunny Drop. Daikichi, mwanamume wa miaka 30 asiye na mke, anafika kwenye mazishi ya babu yake na kukuta marehemu ameacha binti wa miaka 6, Rin. Ndugu wanabishana kwa aibu nani hawezi na kwa nini. Daikichi anachukia maneno hayo, anamwita mtoto waende naye. Kuanzia hapo Unita anaandika mambo ambayo waandishi wengi huyaruka: kutafuta shule ya chekechea karibu na kituo cha treni, kukimbia jioni kabla haijafungwa, homa ya usiku, na mwisho Daikichi kuomba ahamishwe kwenda idara isiyo na kazi za ziada za usiku, ingawa alikuwa anasifiwa alipokuwa. Kinachonigusa ni kwamba kazini anakutana na akina mama waliofanya uamuzi huohuo zamani na hakuna aliyewahi kuuona kuwa ni ushujaa.

Kuanzia juzuu ya 5 hadithi inaruka miaka 10, na mwisho wake umewagawa wasomaji vibaya. Msimamo wangu: soma juzuu 4 za kwanza kama kitabu kamili, na uishie hapo. Waliotengeneza anime yake (filamu ya katuni ya televisheni) mwaka 2011 waliishia hapo pia.

Ya pili ni Ikoku Nikki ya Tomoko Yamashita, 2017 hadi 2023, nayo ya Feel Young. Asa ana miaka 15, wazazi wake wamekufa katika ajali ya barabarani. Ndugu wanamrushiana kwa sauti za chini. Anayesimama ni Makio, mama yake mdogo, mtunzi wa riwaya wa miaka 35, ambaye alimchukia marehemu dada yake na hasemi uongo kuhusu hilo. Anamwambia Asa kwamba hajui kama ataweza kumpenda, ila kamwe hatamkanyaga. Kuanzia hapo wanaishi, mtu mzima anayechoshwa na watu na mtoto anayehitaji watu, katika nyumba isiyopangika. Juzuu 11 nzima hakuna anayebadilika kuwa mtu mwingine. Kurasa zina weupe mwingi, nyuso zinaachwa bila maneno, na huzuni ya Asa haiji siku ya mazishi. Inakuja baadaye sana, kwa sababu ndogo, kama inavyokuja kweli.

Ya tatu haitoki Feel Young. Ni Umimachi Diary ya Akimi Yoshida, iliyotoka kwenye Flowers kuanzia 2006 hadi 2018. Dada watatu wanaishi katika nyumba ya zamani mjini Kamakura, pwani. Baba aliyewaacha kwa ajili ya mwanamke mwingine anafariki huko mbali, wanakwenda kuzika, na wanamkuta mdogo wao wa baba mmoja, Suzu, ambaye alimuuguza mzee peke yake. Treni inapokaribia kuondoka, dada mkubwa, Sachi, ambaye ni muuguzi na ameuona uchovu huo kwenye uso wa mtoto, anamwambia aje waishi pamoja. Suzu anasema atakuja.

Zilinganishe. Unita anaonyesha gharama ya kumchukua mtoto kwa saa na nauli. Yamashita anauliza kama mtu anaweza kulea bila kudanganya kuhusu moyo wake. Yoshida anaonyesha nyumba yenyewe ikipona, kwa mavuno ya mti wa plamu, kwa samaki wa kukaanga kwenye mkahawa wa jirani, kwa ugomvi wa zamu za kuosha vyombo, huku mauti yakiwa karibu kila wakati kwa sababu ya kazi ya Sachi. Zile mbili za Feel Young zinakuacha na kidonda kilichosafishwa, hii ya Flowers inakuacha na watu. Iliyokugusa kwa maelezo haya machache tu imeshakuonyesha jarida lako.

Flowers na Melody, kwa anayependa muda mrefu

Flowers lilianzishwa na Shogakukan mwaka 2002, likachukua nafasi ya Petit Flower, na ndilo jarida la wachoraji wakongwe ambao hawajachoka. Moto Hagio, aliyeanza miaka ya 1970 hadithi ya kina Poe, vampaya wasiozeeka, aliirudia humo mwaka 2016 baada ya miaka 40. Yumi Tamura anachora humo mfululizo wa upelelezi wa mwanafunzi Totonou, mwenye nywele za msokoto na mdomo usionyamaza, ambaye polisi wanapomhoji kwa kosa la mauaji anaishia kuwaeleza wao maisha yao ya nyumbani. Yuki Kodama aliandika humo Sakamichi no Apollon, ya vijana wanaopiga jazi mjini Sasebo mwaka 1966, mji wenye kambi ya wanamaji wa Marekani. Ukitaka maandishi yaliyotulia, wahusika wa kila umri, na zamani iliyochorwa na mtu anayeiheshimu, Flowers halina mpinzani.

Melody la Hakusensha, lililoanza 1997, nalipendekeza kwa sababu ya kazi moja, na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine. Ooku ya Fumi Yoshinaga iliendelea humo kuanzia 2004 hadi mwishoni mwa 2020, juzuu 19. Katika Japani ya enzi za Edo, ndui nyekundu inawaua wavulana kwa wingi, hadi idadi ya wanaume inabaki kama robo ya wanawake. Mashamba, biashara, na hatimaye kiti cha shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, vinashikwa na wanawake, na makao ya ndani ya ngome, ambayo katika historia yalijaa masuria, yanajaa wanaume. Yoshinaga hakutosheka na kugeuza vazi. Juzuu ya kwanza inamleta shogun Yoshimune, mwanamke mkali na mbahili, anayejiuliza kwa nini watawala wanawake wanaitwa kwa majina ya kiume. Anafungua kumbukumbu za zamani kutafuta jibu, na hadithi inarudi nyuma hadi kwa msichana wa kwanza aliyelazimishwa kukaa kwenye kiti hicho na kujifanya mwanamume. Kisha inashuka kizazi kwa kizazi, ikifuata matukio na majina ya historia ya kweli, mpaka utawala wa kina Tokugawa, ukoo wa mashogun hao, unapoanguka. Katikati kuna sehemu ndefu ya madaktari wanaotafuta kinga ya ndui huku wakubwa wakiwapiga vita, ambayo iliandikwa kabla ya UVIKO na ambayo leo huwezi kuisoma kwa utulivu. Ilipata tuzo kuu ya Tezuka mwaka 2009.

Anayetaka kujua mamlaka hufanya nini ndani ya mwili wa mwanamke, na ndani ya mwili wa mwanamume anayetunzwa kwa ajili ya mbegu tu, aanze na Melody aache mengine yote. Ila usiihukumu kwa juzuu ya kwanza. Uzito wenyewe unaanza ya pili.

Na Be Love?

Ni dada mkubwa wa Kiss katika kampuni moja, na ndilo ningempa mtu anayetaka hadithi ya kusoma pamoja na binti yake. Jina lake kubwa ni Chihayafuru ya Yuki Suetsugu, 2007 hadi 2022, juzuu 50, iliyopata tuzo ya Manga Taisho mwaka 2009. Ni ya karuta: mashairi 100 ya kale, kadi 50 kati ya hizo zimepangwa sakafuni, 25 kila upande, msomaji anaanza kughani beti za juu na mchezaji anapiga kadi yenye beti za chini kabla mwenzake hajaigusa. Mwenye hadithi ni mwanafunzi, kweli, lakini watu wazima hawakuwekwa pembeni. Kuna Harada, daktari wa makamo mwenye magoti mabovu, ambaye bado anautaka ubingwa wa taifa na hamwachii kijana yeyote. Kurasa zake ndizo zinazofanya hadithi ikae kwenye jarida la watu wazima. Be Love pia limetoa hadithi ya watengenezaji wa peremende za jadi mjini Kanazawa, yenye mauaji na ndoa ya kisasi, na katika miaka ya karibuni limetoa za falme za kubuni kama Hoshi Furu Oukoku no Nina. Ni jarida la mchanganyiko, na kwa hiyo jina lake peke yake halikuhakikishii ladha kama Feel Young au Flowers.

Kabla sijamaliza, kuna hadithi ambayo haimo katika majarida haya matano, na kuiacha ingekuwa kosa. “Hikari to Tomo ni” ya Keiko Tobe ilitoka kwenye For Mrs., jarida la Akita Shoten lililowalenga akina mama wa nyumbani. Inamfuata mama anayemlea mtoto mwenye usonji tangu anapozaliwa: daktari, mkwe anayemlaumu, shule, majirani, mwalimu mmoja anayeelewa. Tobe alifariki 2010 kabla hajaimaliza. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo atapata ndani yake maarifa ambayo vitabu vingi vya ushauri havina.

Lugha sasa. Majarida yenyewe hutoka kwa Kijapani, kwa hiyo utayafuata kupitia juzuu zilizotafsiriwa. Anayesoma Kiingereza atapata kwa urahisi za Kiss na Be Love, kwa kuwa Kodansha wana tawi lao Marekani, na nyingi zinauzwa kwa nakala za kusoma kwenye simu. Chihayafuru kwa Kiingereza ilitolewa kwa njia hiyo. Ooku yote iko kwa wachapishaji Viz, ingawa tafsiri yake ina Kiingereza cha kizamani kinachochosha mwanzoni. Anayesoma Kifaransa, iwe Bujumbura, Goma au Bruxelles, ana bahati zaidi kwa wachapishaji wa Kifaransa: Kana wametoa Umimachi Diary kwa jina la Kamakura Diary na Ooku kwa jina la Le Pavillon des hommes, Delcourt wametoa Usagi Drop, na Pika wana Nodame na Chihayafuru.

Kwa anayeanza kabisa, chaguo langu ni Kiss, na kitabu cha kwanza kiwe cha Mikuri na mkataba wake. Aliyefiwa karibuni aende Flowers, asiende Feel Young mpaka muda upite. Mimi, nikiambiwa nibaki na jarida moja tu, nabaki na Feel Young. Helter Skelter na Ooku zina mambo ya chumbani na ukatili uliochorwa wazi, kwa hiyo ziwekwe mbali na mikono ya watoto. Chihayafuru na juzuu 4 za mwanzo za Usagi Drop zinaweza kukaa sebuleni.